Toa Mguu Kwenye Breki, Mzee

Pale Kizota ukiuliza fundi wa injini utaelekezwa kwa watu kumi, na wote kumi kweli ni mafundi. Lakini ukisema gari lako halina sailensa, yaani ukisimama kwenye taa linatetemeka kama mgonjwa wa malaria na mngurumo unashuka, unashuka, mpaka linazima, hapo watu hawaulizani mara mbili. Watakuonyesha banda la mabati lenye mlango wa bluu, jirani na mashine ya kusaga. Watakuambia, "Nenda kwa Yotham. Huyo atalinywesha gari lako chai."

Hayo ya chai yana asili yake. Yotham alijifunza ufundi kwa marehemu Mzee Swalihu, mtu wa mjini aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Siku moja Mzee Swalihu, kwa kukosa pa kuweka kikombe chake, alikiweka juu ya injini inayonguruma akaendelea na maongezi. Chai haikumwagika. Mzee akacheka, akasahau. Yotham hakusahau. Alikuwa kijana wa Hombolo, amemaliza darasa la saba, ameingia mjini juu ya gari la zabibu, na chochote alichofanya mzee yule yeye alikichukua kama maandiko. Alipofungua banda lake mwenyewe akaifanya ile kuwa desturi ya kazi. Akimaliza gari la mtu anaagiza glasi ya chai kwa Adija, mama anayepika hapo mbele, ijae mpaka ukingoni. Anaiweka juu ya kifuniko cha chujio la hewa, injini inawaka. Uso wa chai ukitetemeka, anarudi kwenye spana zake. Ukitulia kama maji ya mtungi, anaichukua, anainywa mbele ya mwenye gari, anashusha boneti. Gari limepita.

Miaka kumi na tisa alifanya hivyo. Wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Chimwaga walikuja wakamchukua video, ikazunguka kwenye simu, akaanza kupata wateja mpaka wa Singida. Hakuwa mtu wa majivuno, hapana. Ila ukimsifia kwa jambo hilo utamwona anafuta mikono na kitambaa mara mbili tatu, na mikono yenyewe misafi.

Basi siku hiyo, Jumanne moja ya mwezi wa tano, upepo wa Dodoma umeanza kupandisha vumbi, aliingia Mzee Meshack na pikapu yake ya kijani. Mzee huyu alikuwa dereva wa lori la shule miaka thelathini na miwili, akastaafu, akanunua ile pikapu ambayo hata wakati anainunua tayari ilikuwa ya zamani. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, na ugonjwa wa sukari, na kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka namna gani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Bwana wee, gari limenizimia mara tatu kutoka nyumbani mpaka hapa. Pale kwenye taa watu wamenipigia honi kama nimeiba."

"Usijali, Mzee. Leo safari ipo palepale."

Safari yenyewe ilikuwa ya Kibakwe, kule milimani ng'ambo ya Mpwapwa, ambako Mzee Meshack ana shamba la maharage. Na safari hiyo ilimhusu Yotham pia. Binti yake Anna, mwalimu huko Kibakwe, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza wiki iliyopita, na mama yake, Emiliana, alikuwa amepewa lifti aende kumlea mzazi. Kwa hiyo Yotham aliifanya kazi ile kwa moyo mweupe. Alifungua plagi nne akazisugua kwa brashi ya waya. Akapuliza chujio. Akakagua nyaya. Akaiwasha. Pikapu ikanguruma kwa shida, ikikohoa, boneti inacheza.

Uwanja wa banda lake unateremka kidogo kuelekea jikoni kwa Adija, na breki ya mkono ya pikapu ile ilishakufa zamani, kwa hiyo Mzee Meshack alikaa kwenye usukani amekanyaga breki ili gari lisitembee. Yotham akainama na bisibisi kwenye kabureta, akaanza kuzungusha skrubu ya sailensa. Kila alipoupandisha mngurumo kidogo, ukashuka tena. Akiupandisha, unashuka. Akainua kichwa, akamwona mzee anahemahema pale kwenye kiti, anakanyaga, anaachia, anakanyaga.

"Mzee, toa mguu kwenye breki! Unanisumbua. Ukikanyaga, injini inashuka."

"Nikitoa mguu tutaingia kwenye sufuria la Adija."

"Subiri niweke jiwe."

Akaweka jiwe kwenye tairi la mbele, mzee akatoa mguu, mngurumo ukasimama vizuri. Yotham akazungusha skrubu tena kidogo, na tena kidogo. Kutetemeka kukaisha. Akasikia sauti nyembamba, *ssss*, kama mafuta ya moto yanapopokea kitumbua, akajua Adija ameshaanza kukaanga. Akaagiza chai. Chai ikakaa juu ya kifuniko pale, imejaa, imetulia, mpaka unaweza kuona mawingu ndani yake. Akainywa.

Emiliana alikuwa amesimama na beseni lake: kanga za mtoto, unga wa ulezi, mlenda mkavu kwenye kifuko. Mwanamke huyu haongei sana, lakini akiongea amekusudia.

"Hili gari litatufikisha?"

"Mama Anna, chai umeiona imetulia. Unataka nini tena?"

"Mimi sisafiri na chai. Nasafiri na gari."

Watu wakacheka. Yotham naye akacheka, akambebea beseni, akamfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mkono huo aliukumbuka baadaye. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi walipoondoka.

Saa tatu na robo hivi alikwenda kwa Adija kurudisha glasi na kula chochote. Adija ni mwanamke wa mjini, babu zake walikuja na misafara ya zamani wakabaki, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Baba Anna, yule mzee wako leo angeniua."

"Amekufanya nini?"

"Si alipokuwa anaingia asubuhi! Mimi nimeinama nawasha mkaa, nasikia *ng'rrr*, nainua macho, gari hilo hapo. Nikamwona ndani amekanyaga breki kwa miguu miwili, miwili, amejiinua kwenye kiti kama anakanyaga udongo wa tofali. Likasimama hapa." Akaonyesha kwa kiganja kutoka kwenye jiko lake. "Nikamwambia, Mzee, ungenikaanga leo! Akacheka, akasema uzee huo, mguu umeisha nguvu."

Yotham alicheka. Kicheko kikafika katikati kikasimama.

"Miguu miwili?"

"Nakwambia miwili."

Akabaki ameshika glasi. Macho yake yakaenda kwenye karai la kukaangia. Lilikuwa limegeuzwa, limeinamishwa ukutani, kavu, lina vumbi.

"Adija, leo umekaanga vitumbua saa ngapi?"

"Vitumbua gani? Mafuta yaliniishia jana. Leo ni chai na mihogo ya kuchemsha tu, huoni?"

"Asubuhi hukukaanga? Hata kidogo?"

"Baba Anna, vipi? Ningekaanga na mate?"

Ile *ssss*. Ile sauti nyembamba aliyoisikia ameinama kwenye injini haikutoka jikoni. Ilikuwa ya gari. Ilitoka ndani, chini ya dashibodi, kule kwenye kanyagio. Na kila mzee alipokanyaga breki mngurumo ulishuka. Naye alifanya nini? Alimwambia atoe mguu.

Nitaeleza kidogo, maana si kila msomaji amefungua boneti. Magari yana chombo cha duara mbele ya kanyagio la breki, kama sufuria mbili zilizofunikiana. Mafundi wanakiita busta. Ndani kuna mpira mpana, na kuna bomba linalokwenda injini. Injini inanyonya hewa kupitia bomba lile, na mnyonyo huo ndio unaousaidia mguu wa dereva. Bila huo, kusimamisha gari ni kama kusukuma ukuta. Sasa ule mpira ukichanika, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Breki inakuwa ngumu. Na injini inanyonya hewa isiyotakiwa, inapungukiwa na petroli, inatetemeka, inashuka, inazima. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Fundi akiipandisha sailensa kwa skrubu, kutetemeka kunaisha na chai inatulia, lakini mpira umechanika vilevile. Na mnyonyo mdogo uliobaki wa kuusaidia mguu unapungua zaidi.

Yotham aliyajua yote haya. Hakuna aliyehitaji kumfundisha. Hilo ndilo lililompiga, kwamba alijua, na sauti aliisikia kwa masikio yake, na dalili aliiona kwa macho yake, akaifukuza kwa maneno kwa sababu ilikuwa inamharibia chai.

Glasi ilidondoka. Adija akapiga yowe, "Yesu na Maria!" yeye ambaye ni Mwislamu.

"Hawana breki," Yotham akasema. "Adija, hawana breki, na wanakwenda milima ya Kibakwe."

Alikimbia bandani kuchukua simu. Akampigia Mzee Meshack. Haipatikani. Akakumbuka kwamba mzee huyu, kwa nidhamu ya udereva wa zamani, huzima simu kabisa akiwa barabarani, na watu humsifia kwa hilo. Akampigia mkewe. Simu ikaita, na wakati huohuo kitu kikaanza kulia chini ya kitambaa cha grisi, palepale mezani kwake. Akakifunua. Ilikuwa simu ya Emiliana, imechomekwa kwenye chaji. Nyumbani umeme ulikatika usiku, akaiacha hapa asubuhi, wakaisahau wote wawili. Kwenye kioo pameandikwa *Mume wangu*, inalia, naye ndiye anayepiga. Aliitazama kama mtu aliyekutana na nyoka chooni.

Akakaa juu ya tairi. Na pale kwenye tairi, badala ya kufikiri la kufanya, akili yake ikamkimbilia kwingine: magari mangapi? Miaka kumi na tisa. Wangapi aliowaambia watoe mguu? Kuna basi dogo la watoto wa chekechea alilipitisha mwezi wa pili. Lilikuwa na *ssss*? Hakumbuki. Alijaribu kulisikia kichwani, asiweze.

"Fundi!" Adija alimshika bega akamtikisa. "Amka! Huko njiani humjui mtu?"

"Joel," akasema. "Joel yuko Mbande."

Joel ni mtu mzima, fundi wa kuziba pancha, ana kibanda pale Mbande ambapo barabara ya Kongwa na Mpwapwa inachepuka kutoka barabara kuu. Waliwahi kufanya kazi pamoja kwa Mzee Swalihu. Yotham akahesabu haraka: mzee anaendesha taratibu, hapiti sitini, kwa mwendo huo atakuwa Mbande sasa hivi, kama hajapita. Akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Mkuu wa chai!" Joel alipokea kwa furaha. "Leo umenikumbuka?"

"Joel, nisikilize. Kuna pikapu ya kijani, kuukuu, turubai la bluu nyuma. Mzee wa kofia ya sufu. Imeshapita hapo?"

"Sijaiona. Imefanyaje?"

"Isimamishe. Nakuomba kwa jina la Mungu. Mke wangu yumo. Haina breki."

Kisha Joel akasema, taratibu, "Yotham. Gari lisilo na breki nilisimamishe vipi?"

Swali hilo lilimchoma kisu. "Usisimame mbele yake," akasema. "Kaa pembeni. Mpungie. Zipo, lakini ngumu, atasimama taratibu akikuona mapema. Mpungie kitu chekundu."

"Nina shati jekundu. Subiri nivue. Usikate simu."

Yotham hakukata. Adija alisogea akaweka sikio lake upande wa pili wa simu, na watu wawili wa mashine ya kusaga nao wakaja wakasimama, unga umewajaa nyusi. Walisikia upepo. Walisikia lori likipita, na mtu anauza karanga, na Joel akihema. Dakika zikaenda. Mara Joel akasema, "Ile kule. Kijani. Anakuja." Kisha simu ikaingia mfukoni, kila kitu kikawa cha mbali, kama kinasemwa ndani ya gunia.

"Ee! Mzee! Simama! Simamaaa!"

Honi. *Pii-piii*, ya furaha, ya kusalimia. Mzee alidhani anasalimiwa.

"Anapita!" Joel alipiga kelele, na sasa akawa anakimbia, unasikia viatu. "Mzee, breki! Bre... wee mama, toa ng'ombe hapo!"

Kukasikika mlio wa gia ikishushwa kwa nguvu, injini ikalia kama mnyama, kisha kishindo. Simu ilikuwa haijakatika, dakika zinahesabika kwenye kioo, lakini hakuna sauti ya mtu yeyote.

"Joel," Yotham aliita. "Joel. Joel."

Adija alimshika mkono.

Ilipita muda ambao Yotham hata leo hawezi kukuambia ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, kavu, isiyo na haraka.

"Baba Anna."

Yotham akaibana simu sikioni.

"Tumegonga kichuguu," Emiliana akasema. "Mzima mimi. Mzee mzima. Unga wa ulezi umemwagika wote. Njoo hapa."

Akakata.

Yotham alipata lifti ya lori la saruji, akafika Mbande karibu saa sita. Njia nzima dereva alimwongelesha habari za mpira, naye akajibu "ee, ee," bila kusikia neno. Aliwakuta wamekaa kwenye kivuli cha kibanda cha Joel. Pikapu ilikuwa juu kidogo, hatua kama mia mbili kwenye mwinuko, pua imezama kwenye kichuguu, taa moja imevunjika. Mzee Meshack alikuwa ameishika kofia yake mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza Yotham kuona kichwa chake. Kilikuwa kidogo, cheupe, kama cha mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mzee," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimewaangusha. Mguu huu." Mzee akajipiga paja. "Kule kliniki waliniambia, sukari inakula miguu, siku moja utakanyaga usisikie. Mimi tangu mwezi wa kumi na mbili nimeona breki inanishinda. Nikajua ndiyo hiyo imefika. Nikakaa kimya. Yoramu, mwanangu wa huko Mtumba, alishasema, baba, mguu ukisumbua tu, funguo naichukua. Sasa mimi bila gari ni nani? Nikasema nitakanyaga na miwili. Nimembeba mke wa mtu nikijua. Nikijua kabisa, Yotham."

Yotham alisimama akimtazama. Alikuwa amekuja na maneno yake ya kuungama, ameyapanga kwenye lori, na mzee alikuwa amemtangulia kuungama kosa lisilokuwa lake. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Wazo hilo lilipita, si uongo, lilipita kama inzi mbele ya uso. Akageuka akapanda mwinuko mpaka kwenye pikapu, akaingia.

Aliijaribu kama alivyopaswa kuijaribu asubuhi. Injini ikiwa imezimwa alikanyaga breki mara tano, akaushikilia mguu palepale, akawasha. Busta ikiwa nzima, kanyagio huzama kidogo lenyewe injini inapowaka, unalisikia linakubali. Hili halikukubali. Lilibaki kama mwamba. Na chini ya dashibodi, *ssss*, sasa hata mtoto angeisikia. Akashuka, akafungua boneti, akalichomoa bomba la busta kwenye injini na kuliziba tundu kwa kidole gumba. Injini, iliyokuwa inakoroma, ikaruka juu ikaimba kwa kasi kuliko inavyotakiwa. Akachukua bisibisi kwa mkono wa pili, akaishusha skrubu yote aliyoipandisha asubuhi, mzunguko kwa mzunguko. Mngurumo ukatua chini, mlaini, sawasawa, haujawahi kuwa hivyo kwa miezi mitano. Kidole chake tu ndicho kilichokuwa dawa.

Akamwita mzee. Akamwonyesha. Emiliana na Joel nao wakaja.

"Mzee, mguu wako hauna kitu. Ni busta. Imechanika tangu huo mwezi wa kumi na mbili. Hata kijana wa miaka ishirini angekanyaga na miwili."

Mzee Meshack hakuelewa. Ilibidi aambiwe tena.

"Mguu mzima?"

"Mzima."

Akakitazama kiatu chake. Akaanza kutembea pembeni ya barabara, anapiga mguu chini, *pu*, anageuka, anarudi, *pu*, kama askari wa gwaride aliyepotewa na kikosi. Watu wa Mbande walisimama wakamwangalia. Alipofika mara ya tatu uso wake ulikuwa umelowa, na sauti iliyotoka haikuwa ya furaha hata kidogo.

"Lakini wewe asubuhi uliniambia nitoe mguu."

"Nilikuambia."

"Nilikuwa nakanyaga mbele ya macho yako. Ukasema nakusumbua."

"Nilisema, Mzee."

"Miezi mitano nimeutukana mguu wangu! Usiku naukanda na mafuta, nauambia, umeniharibia maisha. Nimewaandalia wanangu maneno ya kuwaambia siku madaktari watakapoukata!" Akamgeukia Yotham. "Na wewe ukanywa chai."

Kidole gumba cha Yotham kilikuwa bado kimeziba tundu, kimevimba, chekundu. Alikuwa amesahau kukitoa. Joel ndiye aliyekuja na kipande cha mpira na waya akakifungia pale.

Basi la Mpwapwa lilikuwa limesimama pale njia panda likipakia. Emiliana alijitwika beseni lake, kanga zimekung'utwa, mlenda upo, ulezi hakuna. Yotham akanyoosha mkono ampokee. Hakumpa.

"Kwa Anna nitasema tumechelewa kwa sababu ya pancha," akasema. "Ya kweli utamwambia mwenyewe, ukija. Na uje na ulezi."

"Nitakuja kesho."

"Kesho, kuna basi la watoto wa chekechea lazima ulitafute kwanza." Alimjua mumewe; alikuwa amekwisha kusoma usoni pake kitu ambacho yeye alidhani amekificha. "Nililiona mwezi wa pili ukilishushia boneti. Anza na hilo. Mimi na mjukuu tutakungoja."

Akapanda basi. Hakuangalia nyuma, au labda aliangalia kwa dirisha la upande wa pili.

Ikabaki pikapu. Haikuweza kuachwa pale kwenye mwinuko, ilikuwa lazima ishushwe mpaka uwanja wa Joel, hatua zile mia mbili. Mzee Meshack akachomoa funguo kwenye gari, akamnyooshea Yotham.

"Shusha wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeipitisha."

Yotham akaitoa kwenye kichuguu, akaigeuza, akaweka gia ya kwanza, akaanza kuteremka. Si mteremko wa kuogopwa. Mtoto na baiskeli angeuteremka akiimba. Joel alitangulia mbele kuwaondoa watu. Walipokaribia uwanja, Yotham akakanyaga breki kama alivyozoea kukanyaga magari yote maishani mwake. Hakuna. Kanyagio halikushuka hata ukucha. Akakanyaga kwa nguvu. Gari likapunguza mwendo kidogo, kwa dharau, likaendelea. Rundo la matairi makuukuu la Joel likaanza kukua mbele ya kioo. Akaleta mguu wa pili. Akajiinua kwenye kiti, mgongo umebana, meno yamekazana, akamsikia mtu anatoa sauti ya kuguna kama anayebeba gogo, na mtu huyo alikuwa yeye. Pikapu ikaingia uwanjani, ikatambaa, ikagusa tairi la kwanza la rundo, likadondoka likabingirika likalala. Ndipo ikasimama.

Hakushuka. Paja lake la kulia lilikuwa linacheza lenyewe, linaruka chini ya suruali, akaliwekea mikono yote miwili lisimame na halikusimama. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hana ugonjwa wowote.

Mzee Meshack alifika akitembea, hana haraka, kofia imerudi kichwani. Akainama dirishani. Akautazama ule mguu unavyotetemeka, muda mrefu, wala hakucheka.

"Ngumu, eti?"

"Ngumu, Mzee."

"Miezi mitano, Yotham," akasema.